Hofu ya Kulipia Kiingilio

Wazee wetu walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii niliifundisha darasani miaka mingi, na karibu kila mwaka alikuwapo mwanafunzi mmoja wa kuinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, basi methali inatushauri tuwe waoga?" Ni swali zuri, wala si jepesi kulijibu. Kwa maoni yangu methali haimsifu mwoga, wala haimdharau shujaa. Inatupigia hesabu tu. Ukichagua ushujaa, ujue kwamba siku moja nyumbani kwako huenda watu wakalia. Kilio ndiyo bei yake.

Leo nataka kuitumia methali hiyo kupimia jambo ambalo wasomaji wengi wa gazeti letu wamelisikia kwa wajukuu au kuliona katika televisheni, yaani ile mashine ya michezo iitwayo rolakosta. Watu hulipa kiingilio, hufungwa kitini, hupandishwa juu sana, huachiwa wateremke kwa kasi huku wakipiga mayowe, kisha hushuka wakicheka na kujisifu. Swali langu ni hili: je, mtu huyo amefanya jambo la kishujaa? Na mwenzake aliyekataa kupanda, je, ni haki kumwita mwoga? Swali laonekana dogo, tena la kitoto. Lakini nimemwona mtoto akilizwa kwa swali hilohilo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaiona, nieleze kwanza ilivyo. Ni mfano wa garimoshi dogo lisilo na injini. Mnyororo hulivuta mpaka kilele cha kwanza, kisha huliachia, na tangu hapo hakuna kinacholisukuma isipokuwa uzito wake lenyewe. Ndiyo maana kilele cha kwanza hakina budi kuvishinda vyote vinavyofuata, kwani gari halina nguvu nyingine ya kupanda ila ile liliyoipata kwa kushuka. Mwalimu wa sayansi angeweza kufundisha somo zima la nishati kwa kutazama mashine hii moja.

Huko Marekani mchezo huu ulipata sifa mwaka 1884, pale LaMarcus Thompson alipofungua njia yake katika ufuko wa Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa, ambao hata kijana wa baiskeli angeupita. Husimuliwa kwamba Thompson alikuwa mtu wa dini, na kwamba alitaka kuwapa vijana burudani safi badala ya vilabu vya pombe. Lakini watu hawatosheki. Mwaka 1895, hukohuko Coney Island, ikajengwa njia yenye kitanzi, ambamo gari lilipinduka kichwa chini na kurudi tena. Kitanzi kile kilikuwa duara kamili, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Gari lilitoka katika njia iliyonyooka likaingia ghafula katika mpindo mkali, na shingo za abiria zikapata mshtuko mbaya. Njia ile haikudumu.

Zamani njia hizi zilijengwa kwa mbao. Mwaka 1959, katika bustani ya Disneyland kule California, ilifunguliwa ile iitwayo Matterhorn, ya kwanza kupita juu ya reli za mabomba ya chuma. Bomba la chuma hukubali kupindwa kila upande, na magurudumu huweza kulikumbatia juu, ubavuni na chini, hata gari lisiweze kuchomoka. Halafu mwaka 1976, katika bustani ya Magic Mountain, kaskazini ya jiji la Los Angeles, ikafunguliwa Revolution, kazi ya Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf na Werner Stengel. Kitanzi cha Revolution si duara. Kina umbo la tone la maji: chini mpindo huanza polepole, juu hukaza, kisha hulegea tena. Kimo chake ni kama meta 27, yaani sawa na mnazi mrefu, na mwendo wa gari hufika kama kilomita 88 kwa saa. Tangu siku hiyo kitanzi kikawa jambo la kawaida duniani.

Hiyo Revolution ndiyo niliyoipanda mimi, mwezi wa Agosti mwaka 2019, nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayeishi huko na mumewe. Tulikuwa kundi la watu saba, wengi wao wajukuu. Tulipanga foleni juani kwa muda mrefu, na muda wote huo mayowe yalikuwa yakitufikia kutoka juu ya miti. Tulipofika kwenye ngazi, mjukuu wangu wa miaka 11 akatoka katika mstari, akasimama kando, akasema hapandi. Wenzake wakaanza kumcheka. "Mwoga! Hata Bibi anapanda!" Mtu mmoja mzima nyuma yetu, kwa nia njema kabisa, akamwambia hakuna cha kuogopa, watoto wadogo kuliko yeye wamepanda. Kijana machozi yakamtoka. Mama yake akamchukua wakaenda kukaa kivulini, nasi tukapanda.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Nilikuwa nimesoma habari za mashine hii kabla ya kusafiri, maana ualimu haustaafu. Nilijua habari za magurudumu yanayokumbatia bomba. Nilijua kwamba ule mlio wa tak-tak-tak wakati wa kupandishwa ni wa meno ya chuma yanayozuia gari lisirudi nyuma endapo mnyororo utakatika. Nilijua kwamba juu kabisa ya kitanzi mtu haanguki, kwa sababu ileile inayofanya maji yasimwagike mtoto anapoizungusha ndoo kwa mkono. Wengi wetu tuliucheza mchezo huo kisimani na tukapigwa kwa kuchezea maji. Nilijua hata kwamba gari lilipoanza mwaka 1976 lilikuwa na chuma cha mapajani tu, kwamba baadaye yaliongezwa makingo ya mabegani ambayo watu walilalamika yanawagonga vichwa, na kwamba mwaka 2016 makingo hayo yaliondolewa na chuma cha mapajani kikarudi. Yote hayo niliyajua. Hata hivyo gari lilipofika kileleni moyo ulinidunda kana kwamba sijawahi kufungua kitabu maishani mwangu. Kichwa kilikuwa kimeelewa, tumbo halikuwa na habari.

Tuliteremka kandokando ya kilima kati ya miti, tukaingia kitanzini, mbingu ikawa chini na ardhi juu, kisha tukasimama. Mjukuu wangu mkubwa akanikumbatia akasema, "Bibi, wewe ni shujaa!"

Neno hilo nililikataa palepale, akadhani ni unyenyekevu wa kizee. Haukuwa unyenyekevu. Tuchukue ile methali tuione. Je, nyumbani kwangu palikuwa na kilio kinachoningoja? Hapakuwa. Aliyelipa kiingilio alijua, na kila aliyekuwa kwenye foleni alijua, kwamba baada ya dakika chache tutashuka ngazi ya upande wa pili na kutafuta soda. Tulilipa tupate hofu, na tulilipa vilevile tupate hakika ya kurudi. Bila ile hakika, nusu ya foleni ingeondoka. Basi kwa mwoga kilikwenda kicheko, na kwa shujaa kikaenda kicheko vilevile. Ambapo kilio hakiwezi kufika, na ushujaa hauna mahali pa kukaa.

Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba ushujaa uko kati ya woga na ujuba, na kwamba shujaa hustahimili jambo la kutisha kwa ajili ya jambo jema. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mvuvi anayeingia baharini wakati wa kusi kwa sababu watoto wanangoja chakula, mkunga anayetoka usiku wa manane peke yake kwa sababu ameitwa, hao wana jambo jema mbele ya hofu yao. Mimi mbele ya hofu yangu nilikuwa na nini? Hofu yenyewe. Nilikwenda kuifuata hofu kama mtu anavyofuata pilipili katika chakula. Si dhambi kupenda pilipili. Lakini hakuna anayepewa nishani kwa kuila.

Augustino wa Hippo naye, katika kitabu chake cha Maungamo, alishangaa kwa nini watu huenda katika michezo ya kuigiza kutafuta huzuni ambayo wasingependa iwapate nyumbani kwao. Hakuona jambo hilo kuwa la heri. Mimi hapa namhukumu mwanadamu kwa upole zaidi kuliko alivyofanya mtakatifu huyo, maana nimeona sura za watu waliokuwa wakishuka kwenye gari. Zilikuwa sura za watu waliofurahi pamoja, wageni wakishikana mikono na wageni. Hofu ya pamoja huwaunganisha watu kwa haraka, kama msiba unavyowaunganisha, ila hapa hakuna marehemu. Jirani yangu mmoja aliniambia kwamba huko ni kuchezea uhai ambao mtu hakujipa mwenyewe. Nilimjibu kwamba ningeogopa zaidi kwa ajili ya uhai wangu katika basi la usiku lenye dereva aliyesinzia, na basi hilo amelipanda mara nyingi bila kuuliza swali la namna hiyo.

Mkwe wangu, ambaye hupenda mabishano, alileta hoja nzito zaidi tulipokuwa mezani jioni ile. Alisema mchezo huu ni mazoezi. Mtu akizoea hofu ndogo isiyo na hatari, atajiweza siku ya hofu kubwa, kama vile chanjo inavyoutayarisha mwili. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Msichana mwenye haya anaweza kujifunza hapo kwamba moyo ukimwenda mbio hafi, na hilo litamfaa siku atakapoitwa mbele ya watahini. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumwongoza mtoto kutoka katika analolijua kwenda katika asilolijua, hatua kwa hatua, na rolakosta ndogo yaweza kuwa hatua.

Lakini kuna jambo ambalo mazoezi haya hayawezi kulifundisha, nalo ndilo jambo lenyewe. Kile chuma cha mapajani kikishashuka, hakuna tena la kuchagua. Ukipiga mayowe utakwenda, ukinyamaza utakwenda, ukibadili nia utakwenda. Ushujaa ninaoujua mimi ni wa mtu ambaye mlango wa kurudi uko wazi, naye anaendelea. Muuguzi katika wodi ya ugonjwa wa kuambukiza anaweza kutoka wakati wowote. Shahidi mahakamani anaweza kusema hakuona. Kwenye rolakosta mlango wa kurudi uko mahali pamoja tu, pale kwenye ngazi kabla ya kupanda. Na pale kwenye ngazi, katika kundi letu, ni mtu mmoja tu aliyefanya uamuzi wake mwenyewe huku akichekwa. Sisi wengine tulifuata mstari.

Simfanyi kijana yule kuwa shujaa. Aliogopa, basi. Ninachosema ni kwamba hakustahili jina aliloitwa, na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko watu wanavyodhani. Hofu ni jambo linalompata mtu, kama njaa au usingizi. Mtu hupatwa na hofu, huingiwa na hofu. Woga ni tabia, ni njia ya mtu aliyezoea kuikimbia kazi yake kwa sababu ya hofu. Mtoto hakuwa na kazi yoyote juu ya kile kitanzi. Hakumwacha mtu yeyote hatarini. Alipatwa na hofu akasema kweli juu yake mbele ya watu, na wenzake wakaligeuza lile lililompata likawa tabia yake. Neno "mwoga" likishamkaa mtoto wa miaka 11, halibanduki kwa urahisi. Nimeona wanafunzi wakifanya mambo ya hatari kubwa kwa kulikimbia neno hilo: kuogelea mto uliofurika, kuonja pombe ya magendo, kunyamaza wakati mwenzao anaonewa. Yule anayenyamaza ndiye mwoga hasa, lakini hakuna anayemwita hivyo.

Na yule bwana aliyesema hakuna cha kuogopa, alisema kweli kuhusu mashine. Kuhusu mtoto hakusema lolote. Mimi mwenye vitabu nilijua kwamba hakuna cha kuogopa, na nikaogopa. Elimu haifukuzi hofu. Hukaa nayo kiti kimoja. Anayemwambia mgonjwa kwamba sindano haiumi, au anayemwambia mtoto kwamba gizani hamna kitu, anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Kuna neno la tatu ambalo nimeliacha makusudi, nalo ni kicho. Kicho ni hofu iliyochanganyika na heshima, hofu ya mtu anayejua thamani ya kitu alichokabidhiwa. Neno hili limeanza kupotea katika mazungumzo ya kila siku, na ni hasara. Katika bustani za namna hii, kila asubuhi kabla ya malango kufunguliwa, mafundi huikagua njia na kuendesha magari matupu mzunguko mzima. Hakuna anayewashangilia. Kwa fundi kilio kinaweza kufika kweli, kwake na kwa nyumba za watu asiowajua. Hofu yetu sisi abiria ni mchezo kwa sababu moja tu, kwamba yeye hofu yake hakuifanya mchezo.

Wala sisemi hivi kwa kubuni. Mwaka 2013, katika bustani ya Alton Towers huko Uingereza, ilifunguliwa rolakosta ya chuma iitwayo The Smiler, ambayo humpindua mtu mara 14. Njia yake, kama za wenzake, imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu gari kuingia katika kipande ambacho gari jingine halijatoka. Tarehe 2 Juni 2015, gari moja tupu lilikuwa limekwama njiani, nao wahudumu hawakujua. Kompyuta ikalisimamisha gari la nyuma lililobeba watu 16. Mafundi wakatazama, wakadhani njia iko wazi na kwamba mashine imekosea, wakaiamuru iendelee. Gari la watu likaligonga lile tupu. Wengi waliumia vibaya, na wanawake wawili vijana walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5, na wachunguzi wa serikali walisema kosa lilikuwa la kampuni, ambayo haikuwawekea mafundi wake utaratibu mzuri wa kazi wala kuwafundisha vya kutosha, si la mafundi wale peke yao.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi kichwani. Mashine ilikuwa imekataa kwenda mbele, nayo ilikuwa na sababu. Waliokuwa na mamlaka wakaona kukataa kwake ni usumbufu. Siku kama hiyo bustani imejaa, foleni ni ndefu, watu wamelipa. Mtu anayesema "ngojeni kwanza" mbele ya foleni namna ile anahitaji moyo mkubwa kuliko wote waliomo garini, na akishasema, na gari likachelewa saa nzima, na ajali isitokee, hakuna atakayejua kama alikuwa shujaa au mwoga. Kwake kitakwenda kicheko, pengine na karipio la bosi wake. Methali yetu haikumfikiria mtu huyu. Kazi yake yote ni kuzuia kilio kisiende kwa mtu yeyote, na akifaulu hana cha kuonyesha.

Jirani yangu yule wa kuchezea uhai ameniuliza juzi kama nikirudi Marekani nitapanda tena. Nimemwambia nitapanda, magoti yakiniruhusu. Ila safari hiyo ningependa kufika asubuhi na mapema, malango yakiwa bado yamefungwa, nisimame penye uzio nitazame yale magari matupu yakizunguka.